Mlango wa Tope

Mama ni yule anayerudi, au ni yule aliyekwisha kufika kabla yako?

Swali hili mwanamke aitwaye Sikudhani alikuwa nalo tangu hajawa na mdomo wa kuulizia, na jioni ile, akipanda ngazi za jabali na mwanawe mbelekoni, lilipanda naye. Alipanda huku akivuma. Hakujua kwamba anavuma. Ilikuwa tabia yake kila mikono au miguu yake inapokuwa na kazi: mvumo mmoja wa puani, usio na maneno, unaopanda kidogo kisha unashuka na kutulia. Mumewe aliwahi kumuuliza wimbo ule ni wa nani, naye akamjibu, "Wimbo gani?"

Nchi ile haina jina, au ilikuwa nalo likaanguka njiani. Ina jabali moja tu. Chini ya jabali umetandazwa Uwanda, udongo mwekundu uliotobolewa kama chujio, na katika kila tundu anaishi nyuki mchimbaji, yule nyuki asiye na mzinga wala malkia wala asali ya kumgawia mtu. Juu ya jabali limefunguka Pango, na darini mwa Pango wananing'inia popo wa matunda, wengi hata dari yenyewe haionekani, inasikika pumzi yao tu. Watu wa huko walijifunza kuishi kwa kuwatazama hawa wawili. Wa chini wakamtazama nyuki, wa juu wakamtazama popo, na siku zilivyopita wakasahau nani alimwiga nani.

Mama wa Uwanda huchimba chumba peke yake. Hukipaka mate yake mpaka ukuta ung'ae na maji yasipenye. Hukanda chavua ya maua na maji yake matamu, akafanya donge la mkate. Humlaza humo mtoto ambaye hajaamka bado, huziba mlango kwa tope, na msimu wa maua unapokwisha, naye hukwisha. Mtoto huamka akakuta mkate. Mtu hamkuti.

Mama wa Pango hachimbi kitu. Humbeba mwanawe kifuani siku za mwanzo, na akishakuwa mzito humlaza shubakani, katika ukuta wa giza wenye mashubaka yasiyo na idadi, katikati ya watoto wa wenzake, akatoka jua linapotua kwenda kwenye matunda. Akirudi huita. Mtoto huitika. Katika makelele yote yale mama huisikia sauti ya wake kama mtu anavyoisikia njaa yake mwenyewe.

Sikudhani alizaliwa chini akaolewa juu. Aliamka zamani, au aliamka jana. Katika nchi ile mambo hayo mawili hayagombani. Aliamka gizani akala. Na alipokuwa akila aliona, katika mlango uliozibwa, kijitundu cha nuru, kidogo kama punje ya mtama. Mwanzoni nuru ile ilikuwa ikizimika na kurudi, ikizimika na kurudi. Kisha ikaacha kuzimika, ikakaa inawaka tu. Akadhani ni mawingu, na kwamba mawingu yamekwisha. Alipotoka na kukua, kila alipokikumbuka chumba kile hakukumbuka mkate wala ukuta uliong'aa. Alikumbuka kijitundu, akakifanya shahidi wake. Hata mlango mama hakuuziba vizuri, alijiambia. Alikuwa na haraka ya kwenda zake.

Juu ya ngazi, kwenye kinywa cha Pango, mavyaa wake Bi Mboza alikuwa ameketi akimenya tunda kwa kucha. Pembeni yake alisimama wifi yake Kibibi, kikapu kichwani, mguu mmoja mbele kama mtu anayesubiri ngoma ianze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Hajala huyo," alisema Kibibi. "Mtazame midomo ilivyokauka. Wifi, siku yako imefika! Utamwita mtoto, au utamwachia donge la mkate kama ndugu zako wa kule chini, halafu ukajifie?"

"Kibibi!"

"Namtania, mama. Nisipomtania mimi, wifi yangu ataniwe na nani?"

Sikudhani alicheka kwa sababu ndivyo wifi anavyojibiwa. Lakini mkono wake ulikuwa ndani ya kikapu chake mwenyewe, umelifumbata donge la mkate wa chavua alilolikanda usiku kucha bila kumwambia mtu, na chini ya mkate kulikuwa na bonge la tope, bichi, limefungwa kwa jani.

Bi Mboza akaweka tunda chini. Sheria ya Pango hurudiwa kwa kila mama mgeni, hata kama anaijua, na huyu mkongwe wa kunyonyesha aliirudia taratibu, kama mtu anayepaka mafuta mahali panapouma. "Leo unamwacha kwa mara ya kwanza. Ukirudi, hakuna taa. Utaita, atakuitika, utakwenda. Mkono wako utagusa shubaka moja tu. Ukigusa la wako, ndiye wako, na sauti utakayokuwa umemwitia ndiyo jina lake. Ukigusa la mwingine..." Alizifuta kucha zake kwenye upindo wa nguo. "Ukigusa la mwingine, wako atabaki hapa. Tutamlisha sote, hatalala na njaa. Ila hatakuwa na mama, na wewe utashuka peke yako."

"Na kama sina sikio?" aliuliza Sikudhani.

"Masikio haya si ndiyo haya?"

"Mimi sikuwahi kuitwa, mama. Mtu ambaye hakuitwa atajuaje kuita?"

Bi Mboza alimvuta mke wa mwanawe akambusu utosini. "Nenda kamlaze," alisema.

Ndani kulikuwa na ule mnuko mkali wa kinyesi cha popo unaochoma macho, na joto la miili mingi midogo. Sikudhani alipapasa mpaka akapata shubaka tupu. Akamlaza mtoto juu ya sufi, akamwekea mkate ubavuni, akageuka aondoke. Miguu ikagoma. Kwa watu wa Uwanda kumwacha mtoto mlango wazi ni kumtupa. Chungu kinafunikwa, jeraha linafungwa, seuze mtoto. Hakufikiri. Mikono yake ilifanya kazi iliyofundishwa na mikono mingine: ikatoa tope, ikalilainisha kwa mate, ikaliweka ukingoni mwa shubaka, ikalisogeza kwa kidole gumba, ikazunguka, ikazunguka. Alivuma mpaka kazi ikaisha. Kisha akatoka, moyo wake mwepesi kidogo, kama mtu aliyeacha nyumba salama.

Jioni ya nchi ile haina kipimo. Jua likishatua hukaa chini ya ukingo wa dunia likingoja kila mtu amalize kilichomtoa nje. Wanawake wa Pango waliteremka mpaka kwenye msufi mkubwa, ambao maua yake hufumbuka wakati huo, meupe, yenye harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na chini yake kuna vichaka vya matunda wanayochuma. Popo walikuwa wamekwisha kufika. Walijibwaga mauani kwa uso mzima, wakalamba, wakaruka na chavua videvuni kama watoto waliokula uji bila kufutwa.

Na katika ua moja, Sikudhani akamwona nyuki. Nyuki wa kwao, mwekundu kifuani, aliyechelewa. Alikuwa peke yake. Nyuki mchimbaji ni mpweke hata akiwa na majirani kila upande. Alikuwa akijipakia chavua miguuni kwa pupa ya mtu anayejua kwamba giza linakuja, na popo akaja juu ya ua lile lile, akalamba pembeni yake, wala mmoja hakumfukuza mwenzake.

Sikudhani alisimama akawatazama, kikapu kikimning'inia mkononi. Tazama, alijiambia, hawa wawili wanakula sahani moja na hawajuani. Mmoja ana mabawa ya ngozi, mwingine ana mabawa kama ganda la kitunguu. Mmoja humzaa mtoto mmoja akamnyonyesha kama mimi, mwingine hana titi, ana mzigo miguuni. Huyu anaona kwa sauti. Huliuliza giza, na giza humjibu hapa pana mwamba, hapa pana tunda, hapa yupo mwanao. Yule anaona kwa jua. Jua likizama naye hana hoja tena. Popo huishi miaka akawaona wajukuu. Nyuki huishi msimu mmoja, na kati ya vitu vyote atakavyoviona duniani, mwanawe hamo. Kwa hiyo popo ni mama, na nyuki ni nini? Ni mpishi? Ni mwashi? Mtu aliyekufanyia kila kitu isipokuwa kukutazama, utamwita nani?

"Wifi," alisema Kibibi mdomo umejaa tunda, "unachuma au unaswali?"

"Namwangalia yule nyuki."

"Ana nini?"

"Ana safari. Mzigo wake umejaa, sasa anarudi kwake."

"Kwake wapi? Kule chini matundu si yote sawa?"

"Ni sawa kwako. Yeye analijua lake. Analizunguka, analinusa, anaingia. Wengi namna ile, na hakosei."

Kibibi akatema mbegu. "Mimi nilidhani mamazenu hawarudi. Nilidhani ni kuchimba, kutaga, kufa."

"Hapana, anarudi. Donge moja la mkate si la safari moja, wifi. Miguu ya nyuki inabeba nini? Vumbi. Anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, kutwa, mpaka..."

Sikudhani akakwama hapo. Kinywa chake kilibaki wazi kama ua. Alilikumbuka donge alilolikuta siku aliyoamka, lililokaribia kumzidi ukubwa. Maisha yake yote alikuwa ameliona kama kitu kilichoachwa. Hakuwa amewahi kuliona kama kitu kilicholetwa, kidogo kidogo, na mtu aliyerudi pale pale, akatoka, akarudi tena pale pale, kwa ajili ya mtoto ambaye alikuwa hata bado hajawa mtoto.

"Alirudi," alisema.

"Nani?"

"Mama yangu. Alikuwa akirudi. Mimi ndiye nilikuwa sijafika."

Kibibi akasema kwa sauti ndogo, "Basi na wewe ulimpikia wa kwako, siyo? Niliuona mkono wako kikapuni."

"Nilimpikia. Nikamwekea, nikaziba vizuri."

Tunda lilimtoka Kibibi mkononi. "Ukafanya nini?"

"Nikaziba mlango."

"Kwa kitu gani? Kwa tope? Wifi! Sisi tunaziba shubaka akifa mtu! Mle ndani ukishaziba, akilia nani atamsikia?"

Hawakumbuki walivyopanda. Inawezekana ngazi ndizo zilizoshuka. Walipofika, wanawake walikuwa wamekwisha kurudi na Pango lilikuwa limewaka kwa sauti: mama wakiita, watoto wakiitika, mmoja mmoja wakipatana na kuondolewa katika kelele kama nyuzi zinazochomolewa kwenye nguo. Sikudhani akaita. Aliita kama alivyosikia wengine wakiita, kwa koo lililo wazi, juu, kali. Akaitikiwa na watoto wote isipokuwa mmoja.

Akaita tena.

Ni mimi niliyeziba, alijiambia. Kwa mkono huu. Nilidhani namfunika, kumbe namnyamazisha. Mtoto wa chini halii, amezoea, mimi sikulia, au nililia na nani alisikia? Nikigusa hapa, nikikosea hapa. Giza halina mkono wa kulia. Nimempa mkate nikamnyima sikio langu. Ee mama. Uliondokaje? Uliwezaje kugeuka?

"Bi Mboza!" Kibibi alipiga kelele. "Mama! Amemzibia mtoto kwa tope! Ndivyo wanavyofanya kwao, hakujua!"

Kukawa na mnong'ono ukutani kote, wa huruma na wa hofu. Mtu mmoja akasema ni mkosi. Mwingine akasema, mkosi gani, mwanamke amemfungia mtoto mlango baridi isimpate. Ndipo sauti ya Bi Mboza ikapita juu yao wote, si kubwa, ila imenyooka.

"Kila mwenye titi ampe mtoto aliye karibu naye. Wake, si wake, sitaki kujua. Nataka Pango linyamaze."

Hilo halikuwa limewahi kutokea. Katika Pango kila mama hulinda sauti ya wake kama moto jikoni. Kumnyonyesha wa mwenzako jioni ya kurudi ni kuipoteza. Lakini Sikudhani alisikia vilio vikizimwa, kimoja hapa, vitatu kule, midomo midogo ikipokea kilichokuwa karibu, na wanawake ambao hata majina yao hakuyajua wakimkopesha ukimya. Hata popo waliokuwa wamebaki darini waliacha kupigapiga mabawa. Kimya kikawa kikubwa mpaka kikawa na uzito. Naye ndani ya kimya kile hakusikia kitu.

Akaegemea mwamba, mahali pasipo na shubaka, kwa paji la uso, kama mtu aliyeshindwa. Mikono haikuwa na kazi tena. Na kwa sababu haikuwa na kazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijisikia anavuma.

Mvumo ule ule. Unapanda kidogo, unashuka, unatulia.

Wimbo gani, alimwambia mumewe. Sasa mwamba ulimjibu kwenye mfupa wa paji: huo. Alikuwa ameupata wapi, mtu asiyewahi kuimbiwa? Nyuki anapochimba hufunga mabawa, akatikisa kifua, na udongo mgumu hulegea kwa ule mtetemo. Ndivyo anavyochimba, kwa kuvuma. Hakika mama yake alivuma akichimba. Alivuma akipaka ukuta mate. Alivuma akiziba. Ukuta ukaunywa ule mvumo, na mtoto asiyeamka akalala ndani yake kama mbegu kwenye nyama ya tunda. Hakuitwa kwa koo. Aliitwa kwa udongo, kabla hajawa na masikio, ndiyo maana hakumbuki kuitwa, kama vile hakuna anayekumbuka siku alipoanza kuwa na damu.

Sauti ya koo haipenyi tope. Sikudhani akafumba mdomo, akagandamiza shavu kwenye jiwe, akavuma kwa kifua kizima.

Jiwe likatulia. Kisha, chini ya shavu lake, likaja jambo dogo. Haikuwa sauti. Ulikuwa mtetemo, kama paka anayeota. Ukakatika, ukaja tena. Aliufuata kwa shavu, jiwe kwa jiwe, akivuma na kungoja, akivuma na kungoja, na Kibibi nyuma yake ameushika upindo wa nguo yake kwa mikono miwili bila kucheka hata kidogo. Mahali pamoja mtetemo ulijaa mpaka ukafika kwenye meno. Sikudhani akanyanyua mkono wake mmoja ulioruhusiwa.

Kiganja kikatua kwenye tope bichi.

Pango zima likashusha pumzi. "Amempata!" mtu alisema, na watoto, waliochoka na adabu, wakapasua kilio upya.

"Amempata kwa mvumo," alisema Bi Mboza, na katika sauti yake mlikuwa na kicheko kilicholowa machozi. "Basi jina lake ndilo hilo."

"Jina lipi, mama? Tutamwita mmmm?" Kibibi alikuwa amerudi kuwa Kibibi. "Akichelewa kuoga nitasimama mlangoni nimwite mmmm? Jamani, wifi yangu, umetupa kazi!"

Wakacheka, na kicheko kikaruka darini kikawaamsha popo. Lakini Sikudhani hakucheka. Kidole chake cha shahada, kikitambaa juu ya tope kutafuta pa kuanzia kuvunja, kilikuwa kimezama mahali. Pale katikati ya mlango, palipotakiwa kuwa pameziba kabisa, palikuwa na kijitundu. Kidogo kama punje ya mtama mtu akiwa mbali. Ukubwa wa kidole chake mtu akiwa pale. Hakukumbuka kukiacha. Mkono ndio uliokiacha, kama ulivyofundishwa.

Kidole kikashikwa. Ufizi usio na meno, joto, nguvu za ajabu za kiumbe ambacho hakina kitu kingine. Mtoto akaanza kunyonya kidole.

Na hapo wakati ukakunjika kama kanga inayowekwa sandukuni, upindo huu juu ya upindo ule. Sikudhani alikuwa nje ya mlango, na alikuwa ndani yake. Alikuwa mdogo, amelala kwenye ukuta uliong'aa, anakiangalia kijitundu cha nuru. Nuru ikazimika. Akafungua kinywa, maana nuru ilipozimika palikuwa daima na kitu cha kushika kinywani, cha joto, chenye ladha ya maua na udongo. Kisha kikatoka, nuru ikarudi. Mara ngapi? Mara nyingi. Mpaka siku ile ambayo haikuzimika tena, naye akadhani mawingu yamekwisha.

Hayakuwa mawingu.

Na mlango haukuwa umezibwa vibaya.

"Vunja basi, wifi," Kibibi alinong'ona. "Mtoe nje, tumwone."

"Subiri kidogo," alisema Sikudhani. Alikuwa amepiga magoti, paji kwenye tope, kidole kimezama mpaka kwenye kifundo, machozi yanashuka bila haraka. Alianza tena kuvuma, na safari hii alijua kwamba anavuma, na alijua wimbo ni wa nani. "Niache kwanza nishukuru. Nimechelewa sana."